Mkono wa Pili wa Mwanamuziki

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na methali hiyo hutupiwa kila mwanamuziki anayejaribu mtindo usio wake. Mtu wa roki akigeukia hip hop, mashabiki wake wa zamani humwita msaliti, na wenye hip hop yao humwona mgeni aliyefuata pesa. Mimi namtetea. Naandika nikiwa Lubao, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, soko ambalo sifa yake kubwa ni biashara ya mbwa. Hoja yangu, hata hivyo, inatoka kwenye isukuti.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kabla ya kuanza, wapigaji huzipasha ngoma kwa moto wa majani makavu ili ngozi ikaze. Mmoja huigonga yake kwa vidole, huitegea sikio, akairudisha motoni, akaigonga tena. Haridhiki mpaka ilie anavyotaka.

Zikishashika mwendo, mwangalie mwimbaji kiongozi. Haingii kwa pupa. Huziacha ngoma zizunguke kwanza, kisha hupenyeza maneno mafupi kati ya pigo na pigo, na kundi humwitikia. Kwenye matanga atamtaja marehemu, wazazi wake na ukoo wake. Kwenye pambano la mafahali atamsifu fahali pamoja na mwenye fahali. Akimwona mtu mashuhuri anaingia uwanjani, jina lake litakuwa ndani ya wimbo kabla hajapata pa kukaa. Mdundo ni uleule, ila maneno hayasimami. Kazi ya rapa ni hiyohiyo.

Hapo ndipo roki na hip hop zinapoachana. Katika roki, gitaa la umeme hubeba nusu ya ujumbe. Mwimbaji akikosa neno, gitaa humfichia aibu. Kiitikio kikirudiwa mara nne, hakuna anayelalamika. Hip hop haina huruma hiyo. Mdundo hujirudia, kwa hiyo maneno ndiyo yanayopaswa kusonga mbele. Rapa akipewa mistari kumi na sita, anatakiwa aijaze watu, mahali na matukio, na vina vikae sawa. Mwanamuziki wa roki anayevuka upande huu ananyang'anywa ngao yake. Badala yake anapewa nafasi ya kusimulia.

Mike Shinoda aliitumia nafasi hiyo vizuri. Katika Linkin Park ya Marekani, bendi iliyotikisa dunia kwa albamu ya Hybrid Theory mwaka 2000, yeye alirapu huku Chester Bennington akiimba na kupiga mayowe. Nyimbo zao zilieleza maumivu ya moyoni, kwa kawaida bila kutaja jina la mtu wala mji. Novemba 2005 Shinoda alitoa albamu ya hip hop, The Rising Tied, kwa jina la Fort Minor, Jay-Z akiwa miongoni mwa waliousimamia mradi huo. Ndani yake kuna wimbo uitwao Kenji. Unasimulia jinsi Wamarekani wenye asili ya Japani walivyoondolewa majumbani mwao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baada ya amri ya Rais Roosevelt ya mwaka 1942, wakafungiwa kambini. Familia ya baba yake ilikuwa miongoni mwao. Sauti za baba yake na shangazi yake, zilizorekodiwa wakikumbuka yaliyowapata, zimewekwa ndani ya wimbo wenyewe. Habari ya nyumbani kwao ilipata pa kukaa kwenye mradi wa pembeni.

Kwetu Kenya, mfano wa karibu zaidi ni Lord Spikeheart, ambaye jina lake ni Martin Kanja. Yeye alikomaa katika roki nzito ya Nairobi, ile ya mayowe na ngoma za kasi ya risasi. Akiwa na Sam Karugu aliunda kundi la Duma, na mwaka 2020 albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala ilimkutanisha na marapa na watengenezaji wa biti. Mwaka 2024, chini ya lebo yake mwenyewe ya Haekalu, akatoa The Adept, albamu inayochanganya roki nzito, vyombo vya kielektroniki na midundo ya hip hop. Shinoda alishusha sauti ili asimulie. Huyu wa kwetu hakuacha mayowe. Alibadilisha mdundo ulio chini yake.

Lakini naye alirudi kwa watu wake. Lord Spikeheart ni kitukuu wa Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo hicho katika Mau Mau, aliyefuga rasta tangu enzi za msituni hadi aliponyolewa mwaka 2022. Mama huyo alifariki Septemba 2023, na albamu hiyo imetolewa kwa heshima yake. Mmoja ana habari ya kambi, mwingine ya msitu, na wote wawili waliufikia ukoo wao walipofanya kazi nje ya bendi iliyowapa jina.

Sisemi kila anayevuka ana ufundi. Wapo wanaovuka kwa sababu hip hop inauza, na mistari yao huwaumbua. Kipimo changu ni kimoja: je, mtu huyu ana jambo ambalo bendi yake haikuweza kulibeba? Akiwa nalo, mkono wa pili ni halali yake. Asipokuwa nalo, heri abaki na gitaa lake.

Kwa kipimo hichohicho, Lubao na vijiji vya jirani vina utajiri ambao studio haiwezi kuuza. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wanaoijua vyema wanazeeka, na vijana wanaojifunza kwao wanapungua. Orodha ya UNESCO haitaokoa ngoma ikiwa hakuna kijana anayekaa karibu na mwimbaji kiongozi akajifunza anapumua wapi, anaingia lini, na anakumbukaje majina yote yale.

Basi wewe kijana unayetengeneza biti kwenye simu, uwe wa roki, wa injili au wa rumba, usiogope kushika la pili. Ila kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda kwa kukhu wako, yaani nyanya yako, washa kinasa sauti, umuulize alikopitia. Mcheza kwao hutunzwa.