Tremolo Inapochechemea

Noti ya gitaa ikishapigwa huanza kufa papo hapo. Mpiga fidla huishikilia kwa upinde. Mpiga gitaa hana upinde. Katika Recuerdos de la Alhambra, kazi ya mwishoni mwa karne ya 19, Mhispania Francisco Tárrega alilikabili tatizo hilo kwa tremolo: gumba linapiga besi, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada vinairudia noti ileile ya juu, haraka kiasi kwamba sikio linasikia wimbo usiokatika. Kumbe kila gumba linapopiga, noti ya wimbo haipigwi. Sikio ndilo linaloziba pengo, na hukubali kufanya hivyo iwapo noti zote nne zina nafasi sawa.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Noti tatu zinabanana, halafu kimya kidogo, halafu tatu tena. Tremolo inachechemea. Lawama huangukia kidole cha pete kwa sababu ni dhaifu, na mwanafunzi hukitesa kwa mazoezi ya nguvu. Kwa maoni yangu, mara nyingi kinaonewa. Tazama mkono kwa karibu: pete, kati na shahada hujikunja kwa mfuatano wa kawaida wa kufumba kiganja, hivyo hukimbia pamoja. Gumba linaelekea upande mwingine, tena pengine limeachwa mbali na uzi wake. Vidole vimemaliza, gumba bado liko njiani.

Dawa ya kwanza ni kuliwahisha gumba: shahada ikipiga, gumba liwe limeshagusa uzi wake wa besi. Ya pili ni kupiga polepole kwa kukata sauti. Piga kati, kisha mara moja kiweke kidole cha shahada juu ya uzi ili noti izimike, ndipo upige. Fanya hivyo kwa vidole vyote. Utasikia vipande vya kimya kati ya noti, na kimya kisicholingana hugundulika upesi kuliko noti zisizolingana. Nalithamini zoezi hili kuliko mengine yote. Baadaye hamisha mkazo: mzunguko mmoja uwe kwenye kati, mwingine kwenye shahada, ili kidole kisizoee kubebwa na mwenzake.

Fanyia mazoezi uzi wa pili, si wa kwanza tu. Pale kidole kina jirani pande zote mbili, na mwendo mkubwa kupita kiasi hujifichua wenyewe kwa kugonga uzi usiohusika. Kagua na kucha: ukucha mrefu wa pete hunasa uzi, ukachelewesha noti na kuipa sauti kali.

Wapiga flamenko huongeza noti ya shahada mara baada ya gumba, zikawa tano. Inapendeza sana, ila si tiba ya mkono unaochechemea. Kasoro itahamia humo humo.

Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, kila pigo la kazi ya Tárrega lina noti 8, yaani noti 640 kwa dakika. Kwa kasi hiyo hakuna kidole kinachoweza kurekebishwa katikati ya safari. Jirekodi kwa simu, sikiliza kwa nusu ya kasi, na usiongeze mwendo wa metronomu mpaka pengo kabla ya gumba lilingane na mengine.