Kupindua Chukudu

Kalengera, pale barabara ya Goma kwenda Rutshuru inapoachana na njia ya Tongo, namjua fundi mmoja ambaye hajawahi kuisifu chukudu, kigari chetu cha mbao cha kusukuma, ingali imesimama. Kijana akimletea kazi yake mpya, mzee hatazami usukani uliochongwa kama pembe za ng'ombe, wala rangi, wala raba ya tairi kuukuu iliyogongomewa kwenye mbao. Anaipindua magurudumu juu, analizungusha la mbele kwa kidole kimoja, kisha anasikiliza. Likikwaruza, anacheka kidogo kwa pua. Likizunguka kimya, anauliza neno moja tu: "Umeipakia?" Chukudu ambayo haijabeba kilo 300 za viazi kuteremka kutoka Kibumba hadi Goma, kwake yeye bado ni kuni.

Kidole kile hunijia kila ninaposoma hadithi za ajabu, hizi za wafalme wasiopata kuishi na nchi zisizo na ramani. Na yuko marehemu mmoja ambaye ningetoa mengi nimwone akiketi kando ya mzee huyo, rundo la vitabu mbele yake. Robert E. Howard, Mmarekani wa Texas, alikufa tarehe 11 Juni 1936 akiwa na miaka 30. Aliandikia majarida ya karatasi duni, yale ya rojo la mbao, yaliyosomwa safarini na kutupwa. Shujaa wake Conan alitokea mara ya kwanza katika Weird Tales, Desemba 1932. Miaka minne haikutimia, mwandishi akawa kaburini. Waliomfuata hawana idadi: vitabu vinene kama matofali, filamu, michezo ya kompyuta, dunia za kubuni zenye lugha zake na kalenda zake. Angezionaje?

Wapo watakaosema angelalamika, kwamba hadithi zimekuwa ndefu mno, kwamba siku zake mtu alikata kichwa cha joka kabla ya ukurasa wa pili kwisha. Labda. Mimi nadhani angeanza kwa kuvipindua vitabu hivyo.

Maana Howard alikuwa fundi wa gurudumu kabla ya kuwa fundi wa rangi. Watu wanakumbuka panga na minara yake. Wachache wanakumbuka kwamba alijiandikia historia nzima ya zama alizozibuni, akaiita The Hyborian Age, mataifa yakiinuka na kuporomoka, makabila yakihama, yote hayo ili hadithi ya kesho isije ikaikanusha ya jana. Alijua msomaji atakubali mfu anayetembea, atakubali nyoka mwenye akili ya waziri, ila hatakubali mto uliokuwa unaelekea kusini jana uelekee magharibi leo bila sababu. Mwongo wa sokoni husahau alichosema. Fundi wa hadithi anatunza daftari.

Nyanya yangu hakuwa na daftari, alikuwa na sisi. Usiku, wakati mbingu ya upande wa volkano ya Nyamulagira inapogeuka nyekundu, alitusimulia habari za fisi aliyeoa kwa watu, na ole wake akikosea. "Juzi ulisema ana jicho moja!" Basi anatulia, anavuta pumzi, na jicho la pili linapata maelezo: aliliazima kwa chura, atalirudisha mvua ikinyesha. Mvua lazima inyeshe kabla hadithi haijaisha, tungemdai. Sijasoma nadharia iliyonifundisha zaidi ya deni lile la jicho. Na watu wa milima hii hawakungoja jarida la Texas kuwapa jiografia ya yasiyoonekana. Wafuasi wa mzimu Ryangombe waliipa kila volkano kazi yake: Nyiragongo ni moto wa waliokufa bila kuingizwa katika siri zake, wengine wana mlima wao wa baridi. Hiyo nayo ni ramani, na mtu akiitazama kutoka mlangoni kwake haoni kosa.

Hapa ndipo Howard mwenyewe lazima apinduliwe. Alikuwa na shujaa mwingine, Solomon Kane, aliyemtuma Afrika tangu mwaka 1928. Howard hakukanyaga bara hili hata siku moja. Akalijaza misitu yenye giza, ngoma, miji iliyopotea, na watu ambao kazi yao ni kuogopa au kuogopesha. Huko gurudumu linakwaruza. Si kwa sababu alibuni, kubuni ndiyo kazi. Ni kwa sababu alikoma kubuni: aliokota mbao zilizooza za wasafiri wa zamani akazipiga rangi. Kwa zama zake za Hyboria alifanya kazi usiku na mchana. Kwetu alifanya haraka.

Aliyekuja kuitengeneza chukudu hiyo alikuwa msomaji wake. Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1946 na kuhamia Kanada, alizipenda hadithi hizo na zikamwuma kwa pamoja. Hakuzichoma. Alichukua mwendo wa Howard, ule wa kuteremka kasi bila injini, akabadilisha mzigo. Shujaa wake Imaro amelelewa na Wailyassai, wafugaji ambao msomaji wa Afrika Mashariki atawatambua kwa mikuki na ng'ombe wao. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1981, na wachapishaji wakaandika kwenye jalada kwamba huyu ni Tarzan mweusi, mpaka wenye haki za Tarzan wakagomba na jalada likabadilishwa. Yaani mtu anatumia miaka kumfukuza Tarzan, halafu anamkuta mlangoni kwake. Saunders alifariki mwaka 2020 na kuzikwa katika kaburi lisilo na jina, hadi marafiki walipochanga jiwe.

Nchi anamoishi Imaro, Saunders aliiita Nyumbani.

Nitalirudia neno hilo. Kwanza nimkumbuke Shaaban Robert, aliyezaliwa miaka mitatu tu baada ya Howard, na ambaye Kusadikika yake ya mwaka 1951 ndiyo chukudu ningeipeleka kwa mzee bila hofu. Nchi inaelea hewani. Mipaka yake ni pepo: kaskazi, kusi, matlai, umande, na juu mbingu, na chini ardhi. Pande sita, basi wajumbe sita, na kila anayerudi na neno jema anatupwa gerezani. Hakuna ubao uliozidi. Ajabu ni kwamba karatasi yetu ya bei rahisi haikuifuata njia hiyo. Iliwachukua wapelelezi, kama katika Simu ya Kifo ya Katalambulla, 1965, huku maajabu yakihamia kwa wanafalsafa. Nagona ya Kezilahabi, 1990, imeng'olewa magurudumu kwa makusudi ili tuutazame mti wenyewe. Howard angeitupa kufikia ukurasa wa kumi. Shaaban, nadhani, angekaa nayo muda mrefu, amenyamaza.

Mwezi uliopita nilimweleza mzee wa Kalengera habari za Imaro wakati akigonga raba. Alipenda ng'ombe, alipenda mkuki, mapigano aliyaona mengi mno. Nikamwambia nchi yenyewe inaitwa Nyumbani. Nyundo ikasimama.

"Nyumbani tu? Haina jina?"

"Ndilo jina lake, papa."

Barabarani chukudu tatu zilipita zimepakia magodoro na masufuria, si viazi, watoto wakisukuma kwa nyuma. Mzee alizitazama magurudumu hadi zilipopotea kwenye kona.

"Sasa ule mutu akitoka kule, bakimuuliza njiani anatoka wapi," akasema, "anajibu nini?"

Nikamwambia atajibu ametoka Nyumbani.

"Kila mutu anatokaka nyumbani," akasema, akaipindua ile aliyokuwa akiitengeneza, akalizungusha gurudumu, akainamisha sikio.