Kutoka Nyuma ya Jukwaa hadi Kizimbani: Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na Kesi ya Mabomu ya Kampala ya 2010

Ikisiri

Makala haya yanaisoma riwaya ya upelelezi ya Kiswahili sambamba na kesi ya milipuko ya mabomu iliyotokea Kampala tarehe 11 Julai 2010. Hoja kuu ni kwamba riwaya hiyo, tangu kwa Muhammed Said Abdulla hadi kwa Ben Mtobwa, imemzoeza msomaji kuamini kuwa fumbo la mauaji hufumbuliwa pale mhalifu anapotajwa. Kesi ya Kampala inaonyesha kwamba kumtaja mhalifu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuthibitisha kosa mahakamani na kumwachia yule ambaye kosa halikuthibitishwa juu yake, na nusu hiyo ina nafasi finyu mno katika utanzu huu. Kwa kuwa Kiswahili kinapanuliwa katika shule na taasisi za Uganda, makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uteuzi na ufundishaji wa riwaya hizi.

1. Utangulizi

Bomu linalolipuka nyuma ya jukwaa katika tamasha la hisani ni aina ya tukio inayomfaa sana mtunzi wa hadithi ya upelelezi. Ubaya wa kitendo hauhitaji maelezo, kwa sababu waliouawa walikuja kuchangia wenye shida. Lakini faida kubwa zaidi kwa mtunzi ni mahali penyewe. Nyuma ya jukwaa pana mlango unaolindwa na orodha ya walioruhusiwa kupita: mwanamuziki, meneja wake, fundi wa mitambo, mfadhili, mpambaji. Muuaji lazima awe miongoni mwao. Mpelelezi humhoji kila mmoja, hulinganisha saa na kauli, na mwishoni huwakusanya wote na kumnyooshea mmoja kidole. Msomaji hufunga kitabu akiwa ametulia.

Afrika Mashariki ina tukio halisi linalokaribiana na hilo kwa umbo na kulizidi kwa maafa. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 11 Julai 2010, mabomu yalilipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo, ambako umati ulikuwa ukitazama mchezo kwenye skrini kubwa. Hati ya mashtaka ilikuja kuorodhesha mauaji ya watu 76. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika, likitaja kuwapo kwa majeshi ya Uganda katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Wapelelezi walifumbua tukio hilo kwa kiasi kikubwa, na kesi ikafikia hukumu. Swali la makala haya ni la kihakiki: je, msomaji aliyelelewa na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ameandaliwa kuuelewa ufumbuzi wa namna hiyo?

2. Duara la washukiwa katika riwaya

Muhammed Said Abdulla ndiye aliyeujengea utanzu huu msingi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kifo kinahusishwa na mahali panapoogopwa, na uvumi unataka kuwabebesha mizimu lawama. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, anaukataa uvumi huo na kutafuta sababu za kibinadamu. Wahakiki wengi wamemlinganisha na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo una msingi. Lakini umuhimu wake kwa mjadala huu uko kwingine. Bwana Msa anafundisha nidhamu: jambo linaloaminiwa na wote bado linadai ushahidi. Hata jina la riwaya ya baadaye, Kosa la Bwana Msa (1984), linamkumbusha msomaji kwamba mwenye akili nyingi hajakingwa dhidi ya kukosea.

Nidhamu hiyo, hata hivyo, inafanya kazi ndani ya duara lililofungwa. Ulimwengu wa Bwana Msa ni wa jamaa, majirani na watu wanaojuana nasaba. Muuaji yumo ndani ya duara. Kazi ni kumtambua. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), anauhamishia upelelezi mjini na kumkabidhi ofisa wa polisi, Inspekta Wingo, lakini mantiki ya kumtambua mhalifu inabaki kuwa kilele cha masimulizi.

Kwa Aristablus Elvis Musiba na Ben Mtobwa duara linapanuka hadi kuvuka mipaka ya nchi. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) ni jasusi anayewakabili maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Joram Kiango wa Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea anayefanya kazi kwa maelewano, na mara nyingine kwa mvutano, na Inspekta Kombora. Katika Tutarudi na Roho Zetu? anapambana na njama za utawala wa makaburu. Katika riwaya hizi adui anajulikana mapema na haki iko upande wa shujaa kabla hajapiga hatua ya kwanza. Hatima ya adui huamuliwa zaidi kwa bastola kuliko kwa hukumu. Katika mazingira ya vita dhidi ya ubaguzi wa rangi, msomaji alikuwa na sababu ya kulikubali hilo. Tatizo linaanza pale umbo hilo la masimulizi linapotumika kumfikiria mshukiwa wa kawaida, katika mji wa kawaida, wakati wa amani.

3. Kampala: duara lililo wazi

Kyadondo na Kabalagala hapakuwa na orodha ya wageni. Yeyote aliyependa mpira aliweza kuingia. Mpelelezi wa riwaya angekosa pa kuanzia, maana nafasi ya kutenda ilikuwa ya kila mtu. Mahali pasipo na duara, hofu ya umma hulichora duara lake, na mara nyingi hulichora kwa asili ya watu, dini au lafudhi. Mmoja wa waliojilipua alitajwa kuwa Msomali, na jamii ya Wasomali wa Kampala, hasa eneo la Kisenyi, ikajikuta inatazamwa kwa jicho la shaka. Lakini washtakiwa 13 waliosimama kizimbani walitoka Uganda, Kenya na Tanzania. Duara la hofu halikulingana na duara la ushahidi.

Kidokezo kilichofungua njia kilikuwa kidogo, cha aina ambayo Bwana Msa angeifurahia. Siku moja baada ya milipuko, fulana ya mabomu ambayo haikulipuka ilipatikana katika ukumbi wa starehe huko Makindye, ikiwa ndani ya mkoba wa kompyuta pamoja na simu ya mkononi. Shambulio la tatu lilikuwa limeshindikana, na kushindikana kwake kukaacha alama. Kwa kufuatilia mawasiliano ya simu, wapelelezi wa Uganda, wakisaidiwa na wenzao wa nchi jirani na wa FBI ya Marekani, waliunganisha mtu mmoja na mwingine mpaka mtandao ukaanza kuonekana.

Hapa pana tofauti ya kimuundo inayostahili kuzingatiwa na wahakiki. Katika riwaya, kidokezo humfikia mtu mmoja mwenye kipaji, naye hukitafsiri peke yake. Kampala, kidokezo kilipita mikononi mwa wataalamu wa milipuko, wachambuzi wa simu, polisi wa nchi kadhaa, waendesha mashtaka na mashahidi. Hakuna Willy Gamba wa kesi hii. Jambo hilo linampunguzia mtunzi raha ya kuumba shujaa, ila linamtwisha jukumu la kuonyesha jinsi kosa dogo la mmoja katika mnyororo huo linavyoweza kumwumiza mtu asiye na hatia.

4. Ungamo mbele ya kamera na ungamo mbele ya hakimu

Agosti 2010, mwezi mmoja tu baada ya milipuko, wanaume wanne raia wa Uganda waliwekwa mbele ya waandishi wa habari na kueleza kwamba walihusika. Kimasimulizi, tukio hilo linafanana sana na sura ya mwisho ya riwaya: watu wamekusanyika, jina linatajwa, mkosaji anasema. Aliyezoea utanzu huu angeweza kuamini kwamba hadithi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Septemba 2011 washtakiwa wawili walikiri makosa mbele ya Mahakama Kuu. Mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 25 na mwingine miaka 5, na yule wa kwanza baadaye alitoa ushahidi upande wa mashtaka. Waliosalia walikana. Baadhi yao walipinga namna walivyotolewa Kenya na kupelekwa Uganda bila kufuata utaratibu wa kisheria wa kukabidhiana watuhumiwa, na shauri la kikatiba likaisimamisha kesi kwa miaka kadhaa. Mtetezi wa haki za binadamu wa Kenya, Al-Amin Kimathi, aliyekwenda Kampala kufuatilia kesi hiyo mwaka 2010, naye alikamatwa na kukaa rumande takriban mwaka mmoja kabla ya kuachiwa bila kuhukumiwa.

Riwaya zetu zingeuita muda huu kizuizi cha hadithi. Mhakiki anapaswa kuuita sehemu ya maudhui. Swali la jinsi mshukiwa alivyovushwa mpaka linahusu ubora wa ufumbuzi wenyewe, kwani ushahidi uliopatikana kwa njia chafu huacha shaka hata pale unaposema kweli. Willy Gamba huvuka mipaka kwa pasipoti bandia na tunamshangilia. Ni wachache kati yetu ambao wameuliza nani mwingine anaweza kuvushwa kwa mtindo huo, na akiwa upande gani wa pingu.

5. Watano walioachiwa

Kesi ilianza kusikilizwa kikamilifu Machi 2015 katika Divisheni ya Uhalifu wa Kimataifa ya Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Alphonse Owiny-Dollo. Tarehe 30 Machi mwaka huohuo, mwendesha mashtaka kiongozi, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi Kiwatule, Kampala. Washukiwa wa mauaji yake walifikishwa mahakamani mwaka 2023 tu. Kwa hiyo ndani ya fumbo moja kulizaliwa fumbo jingine, na la pili lilichelewa kuliko la kwanza.

Hukumu ilitolewa Mei 2016. Watano walifungwa maisha, wawili walipewa kifungo cha miaka 50 kila mmoja, na mmoja, aliyepatikana na hatia ya kuwasaidia wahalifu baada ya tendo, alipewa mwaka mmoja wa huduma kwa jamii. Watano waliobaki waliachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hakuna aliyehukumiwa kifo.

Watano hao ndio mtihani mkubwa zaidi kwa msomaji wa riwaya ya upelelezi. Katika mantiki ya utanzu, mshukiwa asiye na hatia husafishwa na mpelelezi kabla ya sura ya mwisho, kwa sentensi moja, na hurudi nyumbani akiwa na heshima yake. Katika maisha halisi, watano hawa walikaa miaka mingi gerezani wakisubiri mahakama iseme kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha madai yake. Msomaji aliyefundishwa kuhesabu ufumbuzi kwa idadi ya walionaswa ataiona hukumu hiyo kuwa pungufu: 13 walishtakiwa, 5 wameponyoka. Msimamo wa makala haya ni kinyume chake. Kuachiwa kwa watano ni sehemu ya ufumbuzi, kwa sababu ndiko kunakozipa uzito hukumu za wanane. Mahakama isiyoweza kumwachia mtu haiwezi pia kumtia mtu hatiani kwa namna inayoaminika, na wafiwa wa watu 76 walistahili hukumu inayoaminika.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mjadala huu una uzito wa pekee nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia hatua za kukipa nafasi zaidi, ikiwamo kufundishwa shuleni. Lakini kwa vizazi vingi Waganda wamekisikia Kiswahili hasa kwa askari: kwenye kizuizi cha barabarani, kambini, katika chumba cha mahojiano. Lugha iliyosikika kama lugha ya kuamrishwa inahitaji kusikika pia kama lugha ya kuhoji. Riwaya ya upelelezi, yenye taharuki na wasomaji wa rika zote, inaweza kuifanya kazi hiyo kuliko tanzu nyingi.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, wanaoteua vitabu vya shule waanze na Muhammed Said Abdulla, kwa kuwa nidhamu ya Bwana Msa ya kudai ushahidi dhidi ya uvumi ndiyo inayohitajika zaidi katika mji uliojeruhiwa na bomu. Pili, riwaya za Musiba na Mtobwa zifundishwe pamoja na historia ya ukombozi iliyozizaa, ili mwanafunzi aelewe kwa nini shujaa wake hakuhitaji hakimu na kwa nini polisi wa leo wanamhitaji. Tatu, mashindano ya uandishi ya kikanda yahimize riwaya ya upelelezi inayomfuata mshukiwa hadi kizimbani, ikimpa nafasi wakili, shahidi mwenye hofu na mfiwa anayesubiri kwa miaka.

Mtunzi atakayelichukua jukumu hilo anaweza kuweka bomu lake popote, hata nyuma ya jukwaa la tamasha la hisani. Atakapofika mahali ambapo mpelelezi anamnyooshea mtu kidole, asiweke nukta ya mwisho. Amwachie aliyenyooshewa kidole nafasi ya kujibu, kisha amruhusu msomaji apime jibu hilo kabla hajafunga kitabu.