Linux kama Mfumo Endeshi wa Kila Siku: Uhakiki wa Kigezo cha Tafsiri kwa Kuzingatia Mji wa Bariadi, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Mjadala kuhusu kufaa kwa Linux katika kompyuta za mezani nchini Tanzania huegemea mno kiasi cha menyu zilizotafsiriwa. Uhakiki huu unakitilia shaka kigezo hicho kwa kumzingatia mtumiaji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukathibitisha kwamba Kiswahili kinazimudu programu za ofisi. Hata hivyo, tafsiri ya programu haikamiliki mara moja. Ubuntu hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kila toleo huongeza matini ya kutafsiri. Mradi wenye ukomo hubaki nyuma. Karani anayezungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili kazini, lakini aliyejifunza kompyuta kwa Kiingereza, huweza kutatizwa zaidi na menyu ya lugha mbili kuliko ya Kiingereza kitupu. Aidha, kutolewa bure si kupatikana bure: utumaji wa CD za Ubuntu bila malipo ulikoma mwaka 2011, na faili la usakinishaji la toleo la 24.04 linazidi GB 5, mzigo mzito kwa anayetegemea bando la simu. Inapendekezwa Linux ipimwe kwa kazi ya siku nzima: kuandika barua, kuichapa na kuifungua katika ofisi nyingine. Tafsiri nayo ipimwe kwa kuwapo kwa watu wa kuiendeleza.