Daktari na mumiani: Tahadhari kwa wanaotafsiri michezo ya kisayansi

SWALI ninaloulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa tafsiri hapa Rongo ni hili: je, michezo ya sauti ya kisayansi, ile wanayoisikiliza kwenye simu zao, inaweza kuingia katika Kiswahili ikabaki na utamu wake? Naam, inaweza. Ila mtafsiri asidhani kwamba kazi yake itakwisha pindi atakapopata neno la ‘roketi’.

Hebu tuchukue mfano mmoja. Simulizi za Doctor Who zilianza kuonyeshwa na BBC mwaka 1963. Shujaa wake anaitwa Daktari. Hafi kama tufavyo sisi. Akikaribia kufa hupata mwili mpya na kuendelea na safari zake za karne hadi karne. Mwaka 1980 ilionyeshwa hadithi ya Terrance Dicks iitwayo State of Decay, na mwaka uliofuata ikatolewa kwa kanda ya sauti, ikisomwa na Tom Baker, aliyekuwa akiigiza nafsi ya Daktari wakati huo.

Katika hadithi hiyo Daktari anafika kwenye kijiji duni katika sayari ya mbali. Wanakijiji wanatawaliwa na mabwana watatu wanaoishi mnarani. Kila mara vijana huteuliwa, hupelekwa huko na hawarudi. Elimu imepigwa marufuku, na adhabu yake ni kifo. Daktari anagundua kwamba mnara ule ni chombo cha angani kilichotoka duniani zamani za kale, na mabwana wale ni wanaanga wake, waliogeuka wanyonya damu na kutawala kwa miaka elfu moja. Matangi ya mafuta ya chombo yamejaa damu.

Msomaji wa Afrika Mashariki akifika kwenye matangi hayo, moyo wake utamwambia: hii naijua! Wazee wetu walisimulia habari za mumiani na wazimamoto enzi za ukoloni: watu wenye sare, magari, mashimo, na damu iliyokusanywa kupelekwa kusikojulikana. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi kama hizo Uganda na hapa kwetu magharibi mwa Kenya, akazichapisha katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires. Hoja yake ni kwamba tusiulize tu iwapo mambo hayo yalitokea. Tuulize pia yanatuambia nini kuhusu kazi, ujira na mamlaka ya wakati ule.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, lakini watu wengi wakiamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Baadaye jina la dawa likawa jina la mwenye kuitafuta. Neno likahama ngeli, kutoka kitu hadi mtu.

Sasa tofauti iko wapi? Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, ni mwinyi wa ngomeni, na mabwana wa State of Decay wamerithi ngome hiyo. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa hadithi: chombo ni cha kisasa, lakini wanyonya damu wake ni wa kale. Mumiani wetu si mwinyi. Ni mwajiriwa. Anakwenda kazini, anavaa sare, anapokea mshahara. Ukiulizwa ni yupi kati yao aliye kiumbe wa enzi ya mashine, utamtaja nani?

Na hapa ndipo mtafsiri atakapojikwaa. Daktari husafiri katika kisanduku cha buluu cha polisi, kidogo kwa nje, kikubwa ajabu kwa ndani. Kwa msikilizaji wa Uingereza, kisanduku hicho ni ishara ya msaada. Lakini fikiria bibi mmoja wa Awendo au Ndhiwa anasikiliza redio: kijijini watu wanapotea, damu inachukuliwa, na usiku anatokea mgeni aitwaye Daktari ndani ya chombo cha polisi kisichoonyesha kilicho ndani. Kwani huyu bibi atamshuku nani kwanza? Maneno yote yatakuwa yametafsiriwa sawasawa, na maana itakuwa imepinduka!

Vilevile, mashujaa wetu hufa. Fumo Liyongo alikuwa na siri ya kitovu, Luanda Magere siri ya kivuli, na siri zote mbili zilitoka nyumbani mwao. Ndiyo maana tunawahofia tunaposimuliwa. Shujaa mwenye miili ya akiba hututia hofu kidogo mno.

Wapo watakaosema: basi tuandike mumiani wetu, yaishe. Nakubali, kwa tahadhari. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi kuhusu wanyonya damu ulifanya umati kuwaua watu wasio na hatia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Dracula husomwa kama hadithi. Mumiani aliaminiwa kama habari, na sauti bila picha hurahisisha kuamini. Nasi bado tunahitaji vijana wajitokeze kuchangia damu hospitalini.

Rai yangu kwa waandishi chipukizi ni hii. Msimkwepe mumiani, wala msimtumie kutisha tu. Tungeni mchezo ambamo Daktari anafika, kijiji kinamshuku, naye analazimika kujieleza: damu hii ni ya nani, inakwenda wapi, na nani ameridhia? Katika State of Decay kuuliza maswali ya aina hiyo ni kosa la kuuawa. Katika mchezo wenu, mwacheni yule bibi ayaulize, tena kwa sauti, na Daktari asiondoke na kisanduku chake kabla hajajibu.