Karafuu Hutengenezwa Jamvini

Kilo tatu za karafuu mbichi, zikianikwa vizuri, hutoa kiasi cha kilo moja kavu. Kilo mbili zinazopotea ni maji, na ustadi wote wa mwanikaji ni kuyaondoa maji hayo huku mafuta yakibaki ndani. Jua likiwaka sawasawa kazi hiyo huchukua siku nne au tano. Mawingu yakitanda huchukua wiki, pengine zaidi. Vyombo vyake ni jamvi, ungo, mikono miwili na jicho lililozoea. Pemba inajulikana duniani kwa karafuu, lakini sifa zetu nyingi huishia kwa mchumaji, kwa sababu yuko juu ya tawi na hatari yake inaonekana. Mwanikaji yuko chini, mgongo ameuinamisha, na mara nyingi ni mama au bibi mwenye shughuli nyingine kumi za nyumbani. Ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa kuwa bei ya karafuu inapatikana mikononi mwake.

Mtini kuna jambo moja kubwa la kujua, nalo ni wakati. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Huanza kijani, likajaa, kisha likaanza kuingia wekundu wa waridi. Hapo ndipo huchumwa. Likiachwa likachanua, kile kichwa cha mviringo hufunguka, petali hudondoka, na kinachobaki ni mwili usio na kichwa ambao hakuna jua litakaloupandisha daraja. Likichumwa changa mno, litakauka likiwa dogo, limesinyaa. Matumba ya mti mmoja hayaivi pamoja, kwa hiyo mkarafuu ule ule hurudiwa zaidi ya mara moja katika msimu. Mchumaji mwangalifu huvuta tawi kwa upembo bila kulivunja, akachuma shada lililo tayari na kuliacha linalosubiri.

Magunia yakifika nyumbani, kazi ya pili huanza jioni ile ile. Nayo ni kuchambua. Mashada humwagwa katikati, watu wakakaa kuyazunguka, wakubwa kwa wadogo. Mkono mmoja hushika shada kwa makonyo yake. Kiganja cha mkono wa pili hulisukuma na kulisokota kidogo, karafuu zikaachia na kuanguka upande huu, makonyo yakatupwa upande ule. Mtu aliyezoea hatazami anachokifanya. Mazungumzo yanaendelea, mtoto anakemewa, chai inanywewa, na marundo mawili yanapanda bila kuchanganyika. Anayejaribu kwa mara ya kwanza hung'oa karafuu moja moja kwa vidole, na nusu ya vichwa vinamvunjikia. Kuchambua hakutaki nguvu, kunataka kujua pale shada linapokubali kuachia.

Pia hakutaki kuahirishwa. Karafuu mbichi zilizobanwa ndani ya gunia usiku kucha hupata joto. Tia mkono katikati ya gunia hilo asubuhi utalisikia. Joto hilo ni mwanzo wa kuvunda, na karafuu iliyovunda haitibiki. Itakauka, ndiyo, lakini itakuwa nyepesi, imekunjamana ngozi, rangi yake imepauka, mafuta yake yamepungua. Kwa hiyo familia inayochambua hadi usiku wa manane, kesho yake ikaamka na kitu cha kuanika, tayari imeokoa sehemu kubwa ya mavuno yake.

Jua la kwanza ndilo linaloamua rangi. Asubuhi umande ukishapaa, jamvi hutandikwa mahali palipo wazi, pasipo kivuli cha mti wala cha paa, na karafuu humwagwa na kusambazwa tabaka jembamba. Jamvi la kusuka lina faida yake: linapitisha hewa kwa chini, halichomi, halinuki, na mvua ikija hukunjwa kwa pembe zake nne likabebwa na mzigo wake wote. Siku hiyo ya kwanza karafuu hubadilika mbele ya macho. Kijani na waridi hufifia, kahawia ikaingia. Karafuu iliyopata siku nzima ya jua kali mwanzoni itakuwa na kahawia iliyokolea, yenye mng'aro, na kichwa chenye rangi nyepesi kidogo kuliko mwili. Iliyoanza safari yake kwa siku mbili za mawingu itabeba alama hiyo mpaka sokoni.

Kuanzia hapo kazi ni ya kugeuza. Mwanikaji hupita mara kwa mara na mikono au reki ya mbao, akizileta za chini juu, akizirudisha za pembeni katikati. Hugeuza kwa upole, maana kichwa cha karafuu kinaning'inia kwa kiasi kidogo, na kikipukutika thamani inapukutika nacho. Katika kugeuza ndipo anapookota majani, vipande vya makonyo, vijiwe na karafuu zilizochanua. Ukimtazama kwa nusu saa utaona kuwa mkono wake haukai: hata anapojibu salamu, vidole vinachagua.

Na muda wote huo sikio liko angani. Msimu mkubwa wa karafuu huangukia nusu ya pili ya mwaka na kuingia moja kwa moja katika mvua za vuli. Vilima vya magharibi ya Pemba, kuanzia Mkoani kupita Chake Chake hadi Wete, vinapendwa na mkarafuu kwa unyevu wake na udongo wake wenye kina. Unyevu huo huo unaoulea mti ndio adui wa jamvi. Mvua ya kisiwani hupiga hodi kwa dakika chache tu: upepo unageuka, harufu ya udongo inaingia, na kabla tone la kwanza halijaanguka utasikia mtu akiita, "Anueni! Anueni!" Kila aliye karibu hukimbilia jamvi, hata kama si lake. Jirani akiwa ameenda sokoni, karafuu zake zitaanuliwa na kuwekwa barazani, na akirudi atazikuta kavu. Sijui desturi ya ujirani iliyo nzuri kuliko hiyo.

Jioni karafuu huanuliwa pia, ziwe zimekauka au hazijakauka, kwa kuwa umande wa usiku unarudisha kwa saa chache unyevu ulioondolewa kwa siku nzima. Zile ambazo bado zina maji huwekwa ndani zikiwa zimetandazwa. Kuzirundika ni kuzirudishia lile joto la gunia. Hapa ndipo uvumilivu unapojaribiwa. Ikinyesha siku tatu mfululizo, ndani ya nyumba huwa hakuna pa kukanyaga: karafuu sebuleni, karafuu ukumbini, karafuu chini ya kitanda, na mwenye nyumba anaamka usiku kuzigeuza. Jua likitoka hata kwa saa moja, zinatolewa.

Zimekauka lini? Hakuna anayehesabu siku. Mwanikaji huchukua karafuu moja akaipinda katikati ya kidole na gumba. Ikipinda, inarudi jamvini. Ikikatika safi, kwa mlio mfupi kama njiti ya kiberiti, imefika. Kisha huchota konzi nzima akaifumba: karafuu kavu huchoma kiganja, na zikimwagwa tena husikika zikigongana. Mwisho huminya mwili wa karafuu kwa ukucha. Iliyo nzuri bado hutoa unyevu kidogo wa mafuta, ingawa maji yamekwisha. Hapo ndipo ustadi unapoonekana: kikavu cha kuvunjika, lakini ndani kingali kimejaa. Mafuta hayo, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, hufikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu nzuri. Ndiyo yanayofanya karafuu itulize jino linalouma, ndiyo yanayonukia kwenye pilau, na ndiyo yaliyowafanya watu wavuke bahari kuitafuta.

Na mkarafuu wenyewe ulivuka bahari. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliutoa huko wakauotesha katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja, ambako Sayyid Said bin Sultan alihimiza upandwe mashamba kwa mashamba. Mikono iliyochuma, kuchambua na kuanika wakati huo ilikuwa ya watumwa, na ustadi huu tunaousifu leo ulikomaa katika mikono hiyo isiyolipwa. Si haki kuusifu bila kuitaja. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi iligawiwa kwa eka tatu tatu. Jamvi ambalo awali lilikuwa la shamba la bwana likawa jamvi la uani, na mwanikaji akawa anaanika kilicho chake au cha familia yake.

Hata makonyo yana heshima yake. Huanikwa kando, yasichanganyike kamwe na karafuu, kisha hupelekwa kukamuliwa mafuta kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Mafuta yake ni machache kuliko ya karafuu yenyewe, lakini yapo, na nyumba inayojua kazi haitupi.

Karafuu ikifika kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, hupangwa daraja la kwanza, la pili au la tatu. Madaraja hayo hayapimi mti wala urefu wa tawi alilopanda mchumaji. Yanapima ukavu, rangi, usafi, na vichwa vilivyobaki. Yaani yanampima mwanikaji. Kwa hiyo inauma kuona karafuu zimemwagwa juu ya lami kandokando ya barabara. Lami inazikausha haraka, ni kweli, lakini inazichoma juu kabla ndani hakujawa tayari, inazitia mchanga na vumbi, na gurudumu moja likipita linaponda vichwa vya mchumo wa siku nzima. Anayefanya hivyo mara nyingi anasukumwa na deni au na hofu ya mvua, na simlaumu. Nalaumu pengo dogo la bei kati ya karafuu iliyotunzwa na iliyoharakishwa. Pengo hilo likiwa jembamba, uvumilivu unakuwa hasara.

Wanaopanga bei, basi, wamlipe mwanikaji kwa siku zake alizoinama. Wazazi wenye mikarafuu wawakalishe watoto kwenye mchambuo wa jioni, maana ujuzi huu hujifunzwa kwa mikono kuliko kwa kusoma. Nawe mnunuzi, uwe Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, usinunue karafuu kwa uzito peke yake. Itazame kichwa, ivunje moja, iminye kwa ukucha. Kisha dondosha chache katika glasi ya maji: zilizojaa mafuta huzama au husimama wima kichwa juu, zilizokwisha huelea zimelala. Chukua zinazosimama, na ulipe bei yake bila kunung'unika.