M-Pesa na Kosa Ambalo Mtambo Haukuliona

M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwezi Oktoba 2005, haikukusudiwa kuwa huduma ya kutumiana pesa. Kampuni za simu za Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, zilishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu ili wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wateja hawakufika 500, na mawakala walikuwa wachache, Nairobi na Thika. Kama kingepimwa kile kilichopangwa tu, majibu yangekatisha tamaa, kwani malipo ya simu yalivuruga hesabu za Faulu na utaratibu wa mikutano ya vikundi. Lakini Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi huo, walifuatilia pia yale ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Watu walikuwa wakiwanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala jioni, benki zikiwa zimefungwa, na wasafiri waliweka mji mmoja wakatoa mwingine ili wasibebe noti njiani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilijengwa juu ya matumizi hayo, na mikopo ikawekwa kando.

Mtu wa takwimu atapinga kwamba wateja wasiofika 500, tena wa taasisi moja, hawawezi kuiwakilisha nchi nzima. Ni kweli, kama swali ni Wakenya wangapi watajiunga. Lakini kundi dogo hutosha kabisa kuonyesha jambo ambalo mbunifu hakuliwazia. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watumiaji wachache tu, hata watano, wanaweza kufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo. Ukubwa wa tatizo hutaka sampuli kubwa; kuwapo kwake hakutaki.

Baada ya uzinduzi ndipo upimaji ulipokuwa mgumu zaidi. Mtumaji aliandika namba ya simu, kiasi na namba ya siri, kisha akathibitisha. Jina la mpokeaji lilimjia kwenye ujumbe baada ya pesa kuondoka. Aliyekosea tarakimu moja alilijua kosa lake akiwa amechelewa, na ilimbidi aombe arejeshewe, huku mpokeaji akiweza kuwahi kuzitoa. Kwa mtambo, hapakuwa na kosa lolote: namba ipo, salio linatosha, muamala umekamilika. Pesa ya karo iliyoangukia mikononi mwa mtu asiyejulikana ilihesabiwa sawasawa na ile iliyofika shuleni. Hasara hiyo haikuweza kuonekana kwenye idadi ya miamala. Ilionekana kwa wahudumu wa simu, kwenye maombi ya kurejeshewa. Dawa, iliyokuja miaka mingi baadaye kwa jina la Hakikisha, ilikuwa nyepesi: jina lionekane kwanza, na mtumaji apewe sekunde chache za kusitisha.

Wapo watakaosema kila hatua inayoongezwa humchosha mtumiaji, na kwamba wepesi ndio ubora wenyewe. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetuma mara nyingi kwa siku. Hata hivyo, kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinaufafanua ubora wa matumizi kwa mambo matatu: kama mtu amefikia lengo lake, kwa juhudi kiasi gani, na kama ameridhika. Lengo limetangulia, na ndivyo inavyopasa. Sekunde zinazookolewa kwa kumfikishia pesa mtu asiyehusika si wepesi, ni hasara iliyoharakishwa. Hata dodoso la kuridhika lisingeziba pengo hili, kwa sababu wengi hawajawahi kukosea namba na wangejibu kwamba huduma ni nzuri.

Anayejenga huduma ya malipo leo aweke takwimu mbili kwenye ukurasa mmoja: miamala iliyokamilika, na kati ya hiyo, mingapi imeombewa kurejeshwa. Ya pili ndiyo imwamulie afanye nini kwanza.